Dramu Zangu na Albamu ya Mwisho ya Miiba

Jumatatu, 8 Julai 2024

Wifi yangu Evodia, Bwana Yesu asifiwe. Hujambo huko Misigiri? Mgongo umekuachia? Shemeji na watoto wazima? Kuku je, wale wa shingo wazi wamepona? Sisi hapa Mwankoko tu wazima kwa neema, ila upepo. Unaujua upepo wa Julai. Jana umenichukulia kanga kwenye kamba ukaipeleka kwa jirani, imerudi ina tundu.

Nitakuwa naandika humu kidogo kidogo kila nikipata nafasi, kisha nitampa kondakta wa basi akuletee. Simu siitaki. Simu kaka yako Enock anaisoma. Hana nia mbaya, anatafuta saa ngapi, anajikuta ameshamaliza ujumbe wote. Daftari hataligusa. Anasema mwandiko wangu unamtoa machozi.

Sasa keti chini. Umeketi? Bendi yetu inakufa.

Kaka yako Benson alituita jana baada ya ibada, mimi na Deo mwenye studio. Akasema Miiba itatoa albamu moja tu, ya mwisho, halafu basi. Miaka ishirini, wifi! Tangu wewe na lile gitaa la besi lenye nyuzi tatu! Nikasema haya, kama ni kuondoka, tuondoke kwa kishindo. Akasema hapana, tutaondoka taratibu. Albamu itakuwa ya soul.

Soul! Sisi! Watu wa panki, muziki wa mbio na makelele! Sisi tuliopiga "Mzani wa Alizeti" kwa dakika moja na nusu mpaka mnunuzi mwenye mzani wa wizi akahama gulio la Mtinko! Nikamuuliza hiyo soul ndiyo nini. Akasema ni ule muziki wa Wamarekani weusi, mwimbaji anaimba kama anaongea na mtu mmoja aliyemkosea, kinanda kinalia chini chini, hakuna anayemkimbiza mwenzake. Nikamuuliza dramu zinafanya kazi gani humo. Akaangalia viatu vyake.

Deo ndiye aliyetamka. Kinanda cha Rebeka, mwalimu wetu wa kwaya, kina dramu ndani yake. Unabonyeza kitufe zinapiga zenyewe.

Kitufe, wifi.

Mimi, eti, niwe mlezi wa bendi. Mlezi! Nina miaka arobaini na tisa na mikono kama ya mchimba visima, nikae kwenye kiti cha plastiki nipungie watu! Benson akaongeza kwamba daktari wa koo amemwambia akiendelea kupiga makelele sauti itakatika na haitarudi. Kisingizio tu. Ni vumbi la Julai lile, kila mtu anakohoa.

Nimepiga magoti kitandani nikamwahidi Bwana. Albamu ya mwisho ya Miiba haitatoka bila mikono yangu kusikika ndani yake. Na jina langu liwe kwenye jalada. Dorika. Kwa herufi kubwa.

Jumatano, 10 Julai

Mpango wa kwanza: Mchungaji.

Nilijua atanisaidia. Benson anataka kuimba nyimbo za mapenzi ya taratibu, tena na mwalimu wa kwaya. Nikaenda ofisini nimevaa gauni la Jumapili. Nikasema, baba mchungaji, nimekuja kama mama wa usharika, moyo wangu una mzigo. Nikaeleza. Nikatikisa kichwa panapostahili.

Mchungaji akauliza kama ninazo hizo nyimbo. Ninao mmoja kwenye simu, Deo alinitumia. Nikampigia, nikakaa kusubiri akasirike.

Akafumba macho. Nikadhani anaomba. Ikaisha akasema rudia.

Akasema amekuwa hapa miaka tisa, na miaka yote tisa amekuwa akiiombea bendi ya Miiba, ila hakupenda kutuambia anaomba nini. Akasema leo amejibiwa. Akanishukuru mimi kwa kumletea habari! Atatangaza Jumapili. Na ukumbi wa usharika tutapewa kwa uzinduzi, tarehe ishirini na saba.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Upepo wa usoni njia nzima.

Ijumaa, 12 Julai

Nimefunga tangu jana ili Bwana anifungulie njia. Mchana wa leo, njaa ikiwa imenibana hasa, njia ikafunguka: kinanda bila waya wa umeme ni meza.

Rebeka anakiacha kinanda studio. Na studio, usisahau, ni kile chumba cha uani kwetu ambacho Deo amepanga, akabandika trei za mayai ukuta mzima kuzuia kelele. Uwanja ni wangu. Sikuiba. Niliuhamisha tu waya. Kutoka mezani kwa Deo kwenda jikoni kwangu, chini ya kuku mwekundu anayeatamia. Nani atautafuta waya pale?

Rebeka akaja saa nane. Akatafuta. Deo akatafuta. Mimi pia nikatafuta, kwa bidii kuliko wote, mpaka nikainua godoro la Deo. Nikasema pole sana mwalimu, basi leo si siku, labda turudie zile dramu za zamani zisizotaka umeme.

Yule binti akasema hamna shida. Akakaa kwenye ndoo, akaanza kuimba bila chombo, na Benson akamfuata kwa sauti ya chini, na Deo akarekodi! Deo alivyotoka nje alikuwa anafuta macho. Akasema ni bora kuliko ilivyokuwa na kinanda.

Nikaenda kurudisha waya. Kuku akakataa. Amenidonoa mara tatu, wifi, mkono wa kulia, ule wa kupigia. Jioni Enock alienda kutazama mayai, akarudi ameshika waya umening'inia. Akauliza huyu kuku ni wa mbegu gani, maana anataka kununua mwingine, tutandaze umeme nyumba nzima.

Nikamwambia labda ni panya. Akasema panya amefunga tangu jana, anahitaji kula. Akanisogezea ugali.

Nimekula. Mfungo umevunjika. Azimio halijavunjika.

Jumapili, 14 Julai

Mchungaji ametangaza. Watu wamepiga makofi kanisani kwa ajili ya Miiba! Watu wale wale waliosaini tuhame uwanja wa shule mwaka ule, unakumbuka?

Benson alikaa mbele yangu. Wakati wa kuitikia sikumsikia. Midomo inakwenda, sauti haitoki. Vumbi.

Nje ya kanisa Rebeka akanijia na zawadi imefungwa kwenye gazeti. Akanishika mikono, akaniita mama, akasema yeye alikua akisikia dramu zangu kutoka mbali, alipokuwa shule ya msingi, na wenzake walikuwa wakizipiga kwenye madawati mpaka wakachapwa. Akasema hangependa niwe nje ya kazi hii. Nikaanza kumpenda. Nikafungua gazeti.

Kayamba.

Nimeliweka juu ya kabati. Enock analisikia usiku panya akipita, anasema soul imeanza.

Jumanne, 16 Julai

Mpango wa tatu ni kujishusha. Nilienda studio nikasema nimekubali. Nitapiga dramu polepole, polepole kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto. Wanijaribu kwa wimbo mmoja tu. Deo akatazamana na Rebeka. Benson akasema, kwa ile sauti yake ya karatasi, mpeni shemeji nafasi.

Nikapanga dramu zangu. Ile moja ya kweli, pipa la mafuta, na vifuniko viwili vya sufuria. Nikaomba kimoyomoyo. Nikaanza. Wifi, ningetamani ungenisikia! Ubeti wa kwanza nilikuwa polepole kama maji ya bomba letu. Benson anaimba, ananikubali kwa kichwa. Nikafurahi. Na mimi nikifurahi, unanijua.

Ubeti wa pili tulikuwa tunatembea. Kiitikio tukakimbia. Ubeti wa tatu tulikuwa barabara ya Dodoma bila breki. Nasikia Deo anaita mama, mama, mama, nikadhani ananishangilia! Benson naye akashindwa kujizuia, damu ya panki ni damu, akainua kichwa akapiga ule ukelele wake wa zamani.

Haukutoka ukelele. Ulitoka mkwaruzo, kama mlango wa bati. Akakohoa akainama, akakaa sakafuni. Trei mbili za mayai zikadondoka ukutani, hakuna aliyeziokota.

Nilimtengenezea chai na asali ya Enock. Akanywa nusu saa nzima. Kisha akasema shemeji, wewe huna kosa, ila unaona. Nikamwambia naona. Nikamwambia nimeweka tangawizi nyingi mno, ndiyo inamkwaruza.

Deo amesema Jumamosi wanarekodi wimbo wa mwisho, ule wa kufungia albamu. Baada ya hapo ni kuchapa majalada. Kwa hiyo nina siku tatu.

Alhamisi, 18 Julai

Nimepata! Nimepata nikiwa nachambua uwele. Nimeinuka mpaka nimemwaga ungo.

Nisikilize. Ikiwa siwezi kuingia kwenye wimbo wa mwisho, wimbo wa mwisho hautarekodiwa mpaka waniingize. Nitahamisha kinu nikiweke chini ya dirisha la studio. Nitatwanga uwele. Ni uwanja wangu, ni chakula changu, mama wa nyumba anatwanga, kuna sheria inakataza? Kishindo cha kinu hakizuiliwi na trei za mayai. Kinapita chini kwa chini kwenye udongo. Watarekodi, watasikia tu-tu-tu-tu, watafuta, watarekodi tena, tu-tu-tu-tu. Mpaka Benson atoke mwenyewe aseme basi shemeji, lete dramu.

Kuna tatizo moja. Wakinikuta mimi peke yangu, Benson atanisihi niache, na nitaacha, maana nampenda. Kwa hiyo natakiwa kutwanga na mtu ambaye hakuna mtu uwanjani mwetu anayeweza kumwambia acha.

Umeshamjua. Mama yenu.

Nimempigia huko Mtinko. Shikamoo mama. Marahaba, kuna nini. Nikasema hakuna kitu, tumekukumbuka tu, na pia uwele wangu wa kutwanga mwenyewe hauwi mzuri kama wa kwako. Akasema alilisema hilo mwaka nilioolewa. Atakuja kesho na mchi wake mwenyewe, wa kwetu ni mwepesi.

Mama mkwe na mchi wake! Nani atamnyamazisha? Benson? Deo? Mchungaji mwenyewe atasubiri! Usiku huu nitalala usingizi wa mwenye haki.

Jumamosi, 20 Julai

Nitakueleza kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi upepo ukatulia. Deo akasema hii ndiyo nafasi, akaziba dirisha kwa godoro. Wakaingia wote watatu. Mimi na mama tukakaa tayari nje, kinu katikati, uwele umelowekwa vizuri. Nikasikia kinanda kimeanza. Nikamwambia mama, tuanze.

Nikainua mchi kwa nguvu zangu zote za "Mzani wa Alizeti". Nikashusha. Tu! Nikainua tena. Mama bado hajashusha wa kwanza.

Wifi, hapo ndipo nilipojua. Nilifikiria yote, sikufikiria umri. Mama yenu ana miaka themanini na ushee. Anainua mchi taratibu, anaushikilia juu kidogo kama anaupa nafasi ya kupumua, halafu anauachia ushuke wenyewe. Na wewe unajua mambo ya kinu kimoja michi miwili. Mmoja juu, mwingine chini. Mdogo anamfuata mkubwa. Ukitangulia, michi inagongana mle ndani. Kugonga mchi wa mama mkwe! Afadhali nigonge gari la polisi!

Nikajaribu kumchochea. Nikasema mama, jua linakuja. Akasema jua huja kila siku. Nikasema mama, tukienda haraka haraka tutapumzika mapema. Akanitazama kuanzia miguuni. Akasema mwanamke anayetwanga mbio anakula pumba.

Basi. Nikamfuata. Ningefanyaje? Tu. Kimya. Tu. Kimya. Wa kwake mzito, wa kwangu mwepesi. Na yeye akaanza kile kiwimbo chake, kile cha Kinyaturu anachokiimbia puani, hakina hata maneno tena. Nikawa naona aibu. Huu ni usumbufu gani! Huu hata kuku hautamwamsha!

Mle ndani kinanda kikanyamaza. Nikasema asante Yesu, tumewashinda. Nasubiri mlango ufunguke, Benson atoke aniite.

Mlango haukufunguka. Godoro ndilo lililosogea. Nikaona mkono wa Deo unatoa kipaza sauti dirishani, unakielekeza chini, kwetu. Kwenye kinu!

Halafu Benson akaanza kuimba.

Sijui nikuambieje. Hakupiga kelele. Hakukimbia. Alikuwa anaimba chini kabisa, pale palipobaki sauti, na kila alipofika mahali pa kukwama, mchi wa mama ukawa umeshuka pale, ukambeba, akavuka. Akakwama tena, wa kwangu ukambeba. Mama hakugeuka wala hakuacha. Alitikisa kichwa tu kidogo akasema, kama anajisemea, huyu alikuwa halali bila hii. Nilimbeba mgongoni nikitwanga mpaka meno yote yakaota.

Nikatwanga nikilia, Evodia. Naandika kwa sababu ni wewe. Machozi yaliingia kwenye uwele, na nimeupika jioni, na hakuna aliyesema una chumvi.

Wimbo ulipoisha Deo alitoka na viatu mkononi, kama anatoka mahali patakatifu. Akasema hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta tangu Juni. Kitufe cha kinanda wamekizima. Watarudia nyimbo nne nyingine juu ya kinu. Rebeka akanikumbatia unga ukamjaa kifuani. Benson alisimama mlangoni. Hakuwa na sauti ya kusema. Alinipigia saluti yetu ile ya zamani, ngumi kwenye paji la uso.

Nimesikika! Kwenye albamu! Bwana ni mwaminifu. Mipango mingine ilishindwa kwa sababu haikuwa na uwele.

Jumatano, 24 Julai

Tumetwanga siku tatu. Nyimbo zote zimekwisha. Nina gunia la unga na bega moja.

Mama yenu amekuwa msumbufu. Jana alimwambia Deo kwamba wimbo wa tatu unakwenda haraka, arudie. Deo akasema ndiyo bibi, akarudia! Mimi nikisema jambo kuhusu mwendo wa wimbo nahamishwa kwenda kuwa mlezi.

Nimemkumbusha Benson kuhusu jalada. Nikamwambia sitaki makuu, jina tu. Akasema limeshapelekwa kuchapwa, wote tumo. Nimemwandalia kuku. Siyo yule mwekundu, yule ana vifaranga sasa.

Jumamosi, 27 Julai

Uzinduzi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wazee wa kanisa mbele. Vijana wetu wa zamani wa panki nyuma, wana vitambi sasa, wamebeba watoto. Kinu kiliingizwa jukwaani na wanaume wawili, watu wakakishangilia kama bwana harusi.

Kabla ya kupanda, Deo akagawa majalada. Nikalichukua la kwangu kwa mikono miwili. Picha nzuri, ziwa na mawe. Nikageuza nyuma. Sauti: Benson. Kinanda: Rebeka. Nikashuka mstari wa chini.

Michi: Bibi Magdalena na mkwewe.

Nikasoma tena. Na mkwewe! Nikamfuata Deo. Akashtuka kweli, akasema mama, bibi ndiye aliyemtajia. Alimuuliza mwenzako anaitwa nani, akasema ni mkwe wangu. Akaandika.

Miaka ishirini ya dramu! Pipa nimelipasua mara nne! Na mkwewe!

Nikapanda jukwaani nimetulia usoni. Wimbo wa kwanza nikafuata vizuri. Watu wanalia, Mchungaji amefumba macho. Lakini moyoni nikasema leo watamjua huyo mkwewe ni nani. Wimbo wa pili, ubeti wa pili, nikaongeza. Kidogo tu. Kisha kidogo tena. Wale wenye vitambi nyuma wakasikia! Wakaanza kuruka na watoto wao! Nikaongeza!

Mama yenu akainua mchi, akauacha juu.

Hakuushusha. Alisimama hivyo hivyo, mkono juu, mbele ya usharika wote. Mchi wangu ukapiga peke yake mara mbili, ukaona aibu, ukasimama. Kinanda kikasimama. Ukumbi kimya. Ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ya jikoni, mke wa Enock, unga huo una safari?

Ukumbi ulipasuka. Mchungaji alicheka mpaka akatoa leso. Benson alicheka bila sauti, mabega tu, ameshika kifua, na nilimwona anavyonitazama, kwa upendo, na bado nilitamani kuingia kinuni.

Akasubiri wamalize. Akashusha. Nikamfuata mpaka mwisho. Wimbo wa kufungia albamu ukawa mzuri kuliko siku ile, kila mtu anasema.

Mimi pia nasema. Humu tu.

Jumapili, 28 Julai

Baada ya ibada Benson akaja kukaa nami jikoni. Akaongea kwa kunong'ona. Akasema Miiba imekwisha na amelala usiku wa kwanza bila kuwaza. Atakuwa anaimba besi kwenye kwaya ya Rebeka, zile sauti za chini zisizomchosha. Akasema Jumamosi ile ya kinu alikuwa amekwenda studio kumwambia Deo waache kabisa, sauti ilikuwa haitoki hata kidogo. Akasema ndipo akasikia michi. Akanishukuru kwa kumwitia mama yake, kwa kujua yeye anahitaji nini kabla hajajijua mwenyewe.

Ningemwambia nini? Nikamwambia ni Bwana.

Kisha akasema jina langu ataliandika mwenyewe kwa kalamu kwenye kila jalada, hata ikimchukua mwezi. Ameanza. Ameniachia la kwanza. DORIKA. Herufi kubwa.

Nimelisimamisha juu ya kabati, pembeni ya kayamba. Nimelitazama muda mrefu. Nikatulia kabisa. Nikaona nimepata yote niliyoomba, na kwamba haraka yangu ndiyo iliyoniponza kila mara, na kwamba mtu anaweza kufuata mwendo wa mwenzake akasikika zaidi. Nikakaa na mawazo hayo mazuri kama dakika tano.

Halafu nikaona kosa lilipokuwa. Kinu kilikuwa kimoja!

Fikiria vinu vitatu, wifi. Michi sita. Akina mama wa usharika walio chini ya miaka hamsini tu, wenye mabega. Mbio! Panki ya kinu! Bendi nitaiita Miiba Mipya, na jalada litakuwa na jina moja tu mbele, unalijua. Nimeshaongea na wanne, wawili wamekubali, mmoja anauliza mume wake, mmoja alidhani namwalika msibani. Enock nilipomweleza alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia akasema anakwenda kutazama mizinga ya nyuki, na mizingani alikwenda jana.

Mama yenu sikumwambia kitu. Hata kidogo. Lakini jioni hii, anafunga mizigo yake kurudi Mtinko, akaniuliza mazoezi ni saa ngapi. Nikamwambia mama, hii ni ya mbio, mbio tupu, itakuchosha. Akasema haina neno. Akafungua tena kanga aliyokwisha kuifunga, akatoa mchi, akausimamisha mlangoni. Akasema atakaa, awawekee mwendo.

Lakini nitapata njia. Nimeanza kufunga leo.

Sasa kinachokosekana ni besi. Chukua lile gitaa lako darini, wifi, hata kama lina nyuzi mbili, na uje na basi la Ijumaa. Mwambie shemeji ni mambo ya kanisa, si uongo sana. Kondakta anapita kesho asubuhi na daftari hili. Nijibu upesi, tafadhali, na usimwandikie mama.

Wifi yako,
Dorika